Mume wa Dobi

Eldoret
Ijumaa, 12 Februari 1988

Baba Awuor,

Kipyego wa lori la maziwa amekubali kuwa posta yetu. Usiandike kupitia posta ya serikali, sababu unaijua. Asubuhi anapita kwa Sista Priscah kuchukua maziwa ya Kaptagat, na mchana ananiletea makoti ya kiwanda nifue. Barua anaiweka chini ya kiti chake, na ameapa hajui kusoma. Uongo, lakini uongo wa heshima.

Sisi ni wazima. Awuor anauliza kwa nini baba yake ametoka jela Desemba na Februari ameondoka tena kabla hajamwangalilia hata hesabu moja. Nimemwambia umeenda kutibiwa mgongo. Ndivyo Sista mwenyewe alivyosema siku aliyokuja kukuchukua, kwamba ataanza na mwili, na akili itafuata. Nikamwambia basi mkande mgongo hapa hapa, kitanda kipo. Akasema, “Mama, huyu hawezi kupona hapa.”

Hapa. Nyumba niliyoijenga kwa kufua mashuka ya watu wakati wewe uko ndani. Niliingia kwenye biashara hii na karai mbili za kuazima. Leo nina wanawake saba wanaonifulia, na ua mzima wa kamba za kuanikia. Halafu mtu anakuja na gari la misheni ananiambia hapa hapaponyi. Hilo neno nimelimeza lakini halijashuka.

Majirani wa laini yetu wanasema nimechoka na wewe nikakutoa. Sikukutoa. Tangu urudi ulikuwa unakaa nje ya geti, kwenye jiwe, kama askari wa zamu. Namalwa na wenzake wakianza kusuuza, wewe huyo unatoka. Wakifunga kazi, unarudi. Nikafikiri mwalimu wa jiografia anaona aibu kulishwa na dobi. Kama ni hiyo, sema. Hiyo inazungumzika.

Na lingine pia ningependa kulijua siku moja. Nilitafuta wakili, nikamlipa, akapanda basi kwenda Nairobi. Akafika akakuta umeshakubali kosa mbele ya hakimu. Karatasi ya uchochezi ambayo uliniambia mimi hujawahi kuiona, hakimu ulimwambia ni yako. Sijakuuliza, kwa sababu ulikuwa umekonda. Lakini nauliza sasa.

Habari njema ni kwamba baraza la mji limeniruhusu kuvuta bomba la pili. Maji yanakuja kwa nguvu mchana na usiku. Ukirudi utalisikia, ni kama tuna mto wetu wenyewe.

Mkeo,
Seline

*

Kaptagat
20 Februari 1988

Mama Awuor,

Barua ilifika ikinuka maziwa. Asante.

Hapa ni baridi, na ni miti tu. Sista alifanya kazi ya viungo katika hospitali kubwa miaka mingi, na sasa anawakanda wakimbiaji wa kambi iliyo jirani. Wagonjwa kama mimi tuko watatu. Asubuhi tunatembea bila viatu kwenye udongo mkavu. Halafu anatufundisha kutoa pumzi, polepole, kama mtu anayepoza chai. Ninaona ujinga kufundishwa kupumua nikiwa na miaka arobaini na moja. Mchana anashika shingo, mabega, nyayo. Mara nyingine mguu unaanza kutetemeka peke yake, na mimi naukaza usimame, na yeye anasema, “Mwalimu, mwache atetemeke, anajua anachofanya.” Anauita mguu wangu kama mtu.

Si aibu. Sijawahi kuona aibu ya kazi yako. Mengine nitakuambia siku nyingine.

Hilo bomba la pili limepita upande gani? Liko karibu na chumba cha kulala?

Mwambie Awuor asiruke hesabu za sehemu.

Ondiek

*

Eldoret
Jumamosi, 27 Februari 1988

Baba Awuor,

Nimefurahi umeuliza habari za bomba. Nikamwambia Namalwa, unaona, mzee ameanza kufikiria biashara. Akasema, “Akipona atatuongezea mshahara?” Nikamwambia arudi kwenye pasi yake.

Limepita nyuma ya ukuta wa chumba chetu, futi tatu kutoka kichwa cha kitanda. Nimelipitisha hapo kwa makusudi ili usiku nikisikia limepasuka niamke. Linavuma kidogo, lakini utazoea.

Jumatatu tulipangwa foleni ya kupiga kura kwenye uwanja wa shule, kila mtu nyuma ya picha ya mtu wake. Foleni iliyokuwa ndefu ikatangazwa kwamba ni fupi. Mimi najua kuhesabu vichwa. Nilinyamaza, maana nikifungua mdomo watasema ni yule mke wa yule.

Sasa ya kanisa. Unajua desturi yetu, mtu akitoka jela anazamishwa mtoni kwanza, uchafu wa mle ndani uende na maji, ndipo anakaa meza moja na wengine. Wewe Desemba ulikataa ukasema una homa. Tangu hapo akina mama wananikalisha kwenye benchi la nyuma. Kanzu zao nyeupe nawafulia, lakini chai wananipa kwenye kikombe cha pembeni. Pasta Bethwel ananiambia kwa upole, “Seline, sisi tunamngoja tu.” Huo upole wake unanichoma kuliko matusi.

Na ya mwisho ndiyo imeninyima usingizi. Kipyego amesema, na alisema akiangalia chini, kwamba huogi. Kwamba Sista anakupangusa kwa kitambaa kikavu na mafuta, na wakimbiaji wanakaa upande wa upepo. Baba Awuor, mimi ni dobi. Mji huu mzima ukiwa na doa unaniletea mimi. Mume wangu ananuka hadi dereva wa lori la maziwa ananionea huruma? Na huyo mama anakupangusa wapi na wapi, hilo Kipyego hakusema.

Nimetuma sabuni, vipande sita. Itumie.

Seline

*

Kaptagat
14 Machi 1988

Mama Awuor,

Sabuni imefika. Wakimbiaji wanakushukuru.

Sista Priscah ana miaka sitini na mbili na ananiita kijana. Ananikanda kama mtu anayekanda unga wa chapati za harusi. Hakuna cha kukunyima usingizi hapo.

Nitaoga nikiwa tayari. Naomba usiniulize hilo tena kwa sasa.

Mambo mengine yanakwenda. Nimeanza kukimbia nyuma ya vijana, polepole sana, hata kuku wananipita. Juzi nililala ndani ya nyumba, mlango wazi. Sista anasema ni hatua. Wakati wa Pasaka atakwenda kwao Moiben, sisi tutabaki na watu wa kambi.

Hilo bomba, haliwezi kufungwa usiku?

Ondiek

*

Eldoret
Jumatatu, 28 Machi 1988

Baba Awuor,

Bomba halifungwi usiku. Usiku ndio maji yana nguvu, ndio matangi yanajaa. Hizo ni hesabu ambazo hata Awuor anaziweza.

Sitakuuliza ya kuoga, umenikataza. Lakini Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, uvae shati jeupe nililokufungia kwenye sanduku na ukae karibu na nyumba. Kuna wageni wanakuja. Siandiki ni nani. Ni jambo jema na ukilipitia utakuwa mtu mpya, na mimi pia nitarudishiwa nafasi yangu.

Seline

*

Kaptagat
Alhamisi, 7 Aprili 1988

Kwa Mama Awuor,

Mume wako yuko hai. Naanza na hilo.

Nilirudi kutoka Moiben Jumanne nikakuta kitanda chake kitupu. Majirani wamenieleza. Jumatatu lori lilikuja na watu wa kanisa lenu, wamevaa meupe, wanaimba. Mwalimu alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi, amechana nywele, akimwambia kila anayepita kwamba binti yake anakuja kumwona. Wakamshika mikono kwa upendo, wakamwongoza mpaka kijitoni. Alikwenda vizuri, wanasema, mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Pasta akamshika shingo ya nyuma kumwinamisha. Hapo Mwalimu akampiga Pasta, akawasukuma wawili, akakimbilia msituni.

Alilala msituni siku mbili. Wakimbiaji walimkuta jana alfajiri kwenye mizizi ya mti, miguu imekatwakatwa, hajui kusema jina lake. Sasa analijua. Lakini halali ndani tena, na hakubali mtu amguse hata kidole.

Mama, nilikuomba jambo moja tu.

Priscah Chepkoech

*

Eldoret
Ijumaa, 8 Aprili 1988

Sista Priscah,

Uliniomba nisije. Sikuja. Kanisa hukulikataza.

Pasta Bethwel amerudi bila jino la mbele na bado ameniambia amemsamehe. Akina mama sasa hawanipi hata hicho kikombe cha pembeni. Mtoto ameniuliza baba yake amepatwa na nini, na mimi hakuna mtu amewahi kuniambia. Mume wangu alichukuliwa shuleni akiwa na chaki mkononi. Wiki tatu sikujua yuko wapi. Nilizunguka ofisi zote na chakula kwenye sufuria, kila ofisi inaniambia jaribu ile nyingine. Halafu nikamwona mahakamani kwa dakika tano, halafu jela, halafu nikaletewa huyu mtu anayekaa kwenye jiwe. Nimeuliza kwa upole na nimeuliza kwa ukali.

Kwa hivyo usiniandikie kama mtu aliyevunja kikombe. Kuna kitu unakijua. Nakiona kwenye barua yako, mahali uliposema maji yakafika kwenye vifundo. Wewe mgeni unajua, mimi mke wake miaka kumi na tatu sijui. Niambie.

Seline Ondiek

*

Kaptagat
11 Aprili 1988

Mama Awuor,

Una haki ya kukasirika. Nilikupa amri bila sababu, na hilo ni kosa langu.

Lakini kitu chenyewe si changu, siwezi kukutolea. Nimempa karatasi na kalamu, nimeviweka mlangoni. Simhimizi. Nawe usimhimize.

Priscah

*

Kaptagat
24 Aprili 1988

Seline,

Barua hii ukiisoma iunguze kwenye makaa ya pasi.

Walipotutoa kwenye gari tulikuwa tumefungwa macho. Tulipandishwa kwa lifti, tukateremshwa ngazi kwa miguu, sijui tulikuwa chini au juu. Chumba kilikuwa kidogo, mlango wa chuma, hakuna dirisha. Wakanivua nguo. Wakafunga mlango, na baada ya muda nikasikia mtu anatembea, na chuma kinazungushwa, na maji yakaanza kuingia. Yalikuwa baridi. Yalifika kwenye vifundo, halafu magotini, wakayaacha hapo. Huwezi kukaa, huwezi kulala. Unajisaidia humo humo. Nyayo zikaanza kutoka ngozi kama viazi vilivyochemshwa. Yakipungua, unamshukuru Mungu. Halafu unasikia zile hatua tena, na kile chuma.

Aliyekuwa anafungua koki sikuwahi kumwona. Namjua kwa viatu vyake tu.

Waliniuliza karatasi ilitoka wapi. Sikujua. Mwisho wakaniambia, ukubali mbele ya hakimu ufungwe, au ukatae urudi kwenye maji. Wakili wako alikuwa njiani, walinicheka wakaniambia. Ningeweza kumngoja, ilikuwa saa chache tu. Ungeniambia nikae kwenye moto ningemngoja. Ndiyo jibu la swali lako.

Nikarudi nyumbani. Ulikuwa umejenga, na nilijivunia, Seline, usifikiri sikuona. Lakini kila asubuhi mtu anatembea uani, chuma kinazungushwa, maji yanaanza. Ningekuambiaje? Nikuambie kile kitu kilichotulisha, kilichomsomesha mtoto, ndicho kinachoniua? Nikaona afadhali nikae kwenye jiwe. Halafu ukaniandikia bomba liko futi tatu kutoka kichwa cha kitanda.

Watu wanadhani naogopa maji yote. Mvua siogopi. Hapa inanyesha kila alasiri, na mimi nasimama ndani yake natoa pumzi. Mvua haina mtu.

Sista ananirudisha mwanzo. Siku ya kwanza kabisa aliniambia niangalie miguu yangu na nimwambie ni ya nani. Nilicheka, halafu nikashindwa kusema ni yangu. Machi niliweza kusema ni yangu. Baada ya Pasaka nikashindwa tena. Jana nimesema. Na amenipa kikombe chenye maji, nakishika mwenyewe, najimwagia mkononi kiasi ninachotaka, na kuacha ninapotaka. Wakati mwingine inachukua asubuhi nzima kufikia kidole gumba.

Sikukasirikii. Pasta mwambie naomba msamaha kwa jino.

Nilidhani ni Awuor anakuja.

Ondiek

*

Eldoret
Jumatano, 27 Aprili 1988

Baba Awuor,

Nimeisoma kwenye chumba cha pasi, kwa sababu ndicho pekee kikavu. Nimeiunguza. Namalwa akaniuliza ni kodi, nikamwambia ndiyo, ni kodi.

Ningekuwa mtu wa kulia ningelia hapa, lakini mashuka ya hoteli yalikuwa yanangoja, na nilipoinama kwenye karai mikono ikakataa kuingia. Nimesimama pale hadi Namalwa akanisogeza kwa nyonga akafua yeye.

Nimejikumbusha kila nilichokuandikia. Mto wetu wenyewe. Sabuni sita. Nakumbuka yote, na nitaendelea kukumbuka, usiniambie nisahau. Lakini nami nina langu la kusema. Ulinificha ili usiniumize, na kwa kunificha ukaniacha nikuumize kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo nalo ni jambo ulilonifanyia. Tuligawane.

Nimepiga hesabu za kufunga kazi. Nimezipiga kwa karatasi na kwa kichwa, na zinakataa. Karo ya Awuor, wanawake saba na watoto wao, deni la bomba. Pesa za kupanga kiwanja kwingine hazitoshi, nimeuliza hadi Cheptiret. Sitakudanganya kwamba nitafunga halafu nikufiche. Imetosha ya kufichana. Maji yatabaki.

Ila kitanda nimekihamisha, kiko upande wa barabara sasa. Kanzu za kanisa nimewarudishia zikiwa chafu kama zilivyokuja, watafute dobi mwingine. Jino la Pasta nimelilipia. Siendi tena kwenye benchi la nyuma wala la mbele, kwa sasa.

Uliandika kwamba mvua haina mtu. Nimekaa na hilo. Nina swali moja, na ujibu ukiweza. Kama mkono unaozungusha ungekuwa unaujua ni wa nani, ingekuwaje?

Seline

*

Kaptagat
9 Mei 1988

Seline,

Nimemwonyesha Sista swali lako. Akasema, “Huyu mama ningempata mapema ningemwajiri.”

Sijui ingekuwaje. Mkono wako naujua, na bado nilikuwa natoka nje. Nafikiri haitoshi kuujua. Sijui ni nini kinatosha.

Lakini na kikombe changu cha maji nimefika kwenye kiwiko.

Ondiek

*

Eldoret
Jumapili, 19 Juni 1988

Sista Priscah,

Uliniambia nikuandikie atakapokuja, niseme yaliyotokea na si ninayotamani.

Kabla hajaja, nilimwita fundi wa mabomba. Nilimwambia akusanye mabomba yote mawili kwenye koki moja kubwa, karibu na geti, mahali penye jua, ambapo mtu akisimama anaona ua wote na barabara pia. Fundi akasema, “Mama, hii ni gharama ya bure, kila mfereji una koki yake.” Nikamwambia afanye anacholipwa.

Jana Jumamosi Kipyego alimshusha barabarani, akaja kwa miguu. Amenenepa kidogo. Nikamwonyesha koki. Nikamwambia, “Kuanzia leo hapa hakuna tone linaloingia uani mpaka wewe uzungushe. Usipotaka, hatufui.” Nilisema mbele ya wanawake wote, ili nisiweze kurudi nyuma.

Akaiangalia. Akatazama viatu vya kila mtu uani, mmoja mmoja. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini. Halafu akavua vyake, akasimama kwenye udongo, akaanza kutoa pumzi. Mashuka yalikuwa yamelowekwa na jua linapanda. Namalwa akamwambia, “Mwalimu, sisi tunalipwa kwa siku, si kwa shuka. Chukua wakati.” Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu wamchukue.

Akafungua. Maji yakagonga karai, akafunga hapo hapo. Akafungua, akafunga. Mara ya tatu akaacha, mkono ukaanza kutetemeka hadi bega, na akauacha utetemeke. Halafu akageuka akatoka geti, akaenda barabarani, hatukumwona tena.

Sista, maji yalikuwa yanamwagika. Mita inazunguka. Mimi najua kila lita ni shilingi ngapi. Koki ilikuwa hatua chache kutoka kwangu, na nilifunga mikono ndani ya aproni nikaikaza. Namalwa akanitazama, nikamwambia asithubutu. Karai zikajaa zikafurika, ua ukawa matope, mashuka mawili yakaanguka yakabidi yarudiwe. Akarudi, uso umelowa jasho, akapita katikati ya matope bila viatu, akafunga mwenyewe. Akaniambia, “Ilikuwa wazi muda wote?” Nikamwambia ilikuwa yako.

Usiku hakulala kitandani. Alilala kwenye chumba cha pasi, mlango wazi, na mimi nikatandika mkeka huko huko, mbali kidogo. Aliamka mara nyingi. Sikuuliza. Saa nyingine nilitamani kuuliza, na saa nyingine nilitamani umchukue tena, nikuambie ukweli.

Leo ni Jumapili, hatufui. Nimekaa jikoni naandika hii. Yeye na Awuor wako getini. Mtoto alimuuliza koki inafunguka kushoto au kulia, naye akaanza kumweleza kwa sauti ile ya darasani.

Sasa nasikia maji. Sitatoka kuangalia.

Seline